Kontrole ya dawa ikikazwa michezoni: nini hubadilika kwenye matokeo na kwenye mwili wa mchezaji?

Tarehe 13 mwezi wa kumi 2024, kule Chicago, Mkenya Ruth Chepngetich alikuwa mwanamke wa kwanza duniani kumaliza maratoni chini ya saa 2 na dakika 10. Alitumia saa 2, dakika 9 na sekunde 56. Miezi mitano kisha, mkojo wake ulipatikana na dawa iliyokatazwa. Mwezi wa kumi 2025 alisimamishwa miaka mitatu. Lakini uamuzi huo haukufuta rekodi yake ya Chicago. Watu mingi waliuliza: hiyo inawezekana namna gani?

Swali hilo linagusa Kindu pia. AS Maniema Union, ekipe ya hapa, ilifika kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika msimu wa 2024-2025, pamoja na Mamelodi Sundowns, Raja ya Casablanca na AS FAR ya Rabat. Mashindano ya CAF yana kontrole ya dawa: mchezaji anaweza kuitwa kisha mechi atoe mkojo. Kijana anayeanza leo kwenye uwanja wa mtaa, Kasuku, Mikelenge ao Alunguli, kesho anaweza kujikuta mbele ya kile kikopo cha maabara. Na dawa ambazo zimewaangusha wakimbiaji wa Kenya, zingine ni zile zile zinazouzwa kwenye farmasi za hapa bila karatasi ya munganga.

Yafuatayo ni maelezo ya msingi: dawa hizo ni zipi, nini ilitokea mahali kontrole ilikazwa, namna gani hesabu za matokeo zinabadilika, na zaidi ya yote, nini inapata mwili wa mchezaji.

Dawa zenyewe ni zipi?

Wengi wanaita dopaji, wengine dopingi. Kwa Kiswahili cha kawaida ni kutumia dawa ao njia iliyokatazwa ili kupata nguvu, pumzi ao uvumilivu ambao mazoezi peke yake hayajaleta. Shirika la dunia linalopambana na jambo hilo, WADA, linatoa orodha mpya kila tarehe 1 mwezi wa kwanza. Makundi makubwa ni haya.

Steroidi za kujenga musuli. Zinafanya kazi sawa homoni ya kiume. Mtu anaongeza musuli upesi na anapona uchovu upesi.

EPO. Ni homoni ambayo figo zinatengeneza zenyewe. Ikichomwa kwa sindano, mwili unaongeza chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba hewa. Mkimbiaji anapata pumzi ndefu. Lakini damu inakuwa nzito, na damu nzito inaweza kuganda ndani ya moyo, mapafu ao ubongo.

Dawa za kusisimua, sawa amfetamini. Zinaondoa usingizi na hisia ya uchovu, hapana uchovu wenyewe.

Dawa za kukojolesha. Munganga anaziandikia wagonjwa wa tansio. Kwa mwanamichezo zimekatazwa kwa sababu zinapunguza kilo na zinaweza kuficha dawa ingine ndani ya mkojo. Dawa iliyopatikana kwa Chepngetich, hidroklorotiazidi, ni ya kundi hili. Maabara ilipata nanogramu 3.800 kwa mililita moja, wakati kiwango cha kuanza kuuliza maswali ni 20.

Kotikoidi, kundi la deksametazoni na triamsinoloni. Ni dawa za kupunguza uvimbe na maumivu. Hizi ndizo zinazojulikana sana hapa kwetu, na hizi ndizo zinagusa moja kwa moja mambo ya majeraha. Zitarudi hapo chini.

Kenya: mahali kontrole ilikazwa

Kwa miaka mingi, Kenya ilikuwa na wakimbiaji wengi wa mbele duniani lakini kontrole ndogo nyumbani. Kupima damu ilikuwa shida: damu haingoji, na maabara zilizokubaliwa zilikuwa mbali.

Mambo yalibadilika kwa hatua. Mwaka 2014, Rita Jeptoo, aliyekuwa ameshinda Boston na Chicago, alipatikana na EPO kwenye kipimo cha kushtukiza, nje ya mashindano. Alisimamishwa miaka miwili, kisha mahakama ya michezo ikapandisha hadi minne. Mwaka 2016, Kenya ilipitisha sheria ya kupambana na dawa hizo na kuimarisha shirika lake la taifa, ADAK. Mwaka 2017, riadha ya dunia iliunda kitengo chake cha kujitegemea, AIU, kule Monaco. Mwaka 2018, maabara ya kupima damu ya wanariadha ilifunguliwa Nairobi. Mwisho wa 2022, Kenya ilikaribia kufungiwa yote nzima. Iliokoka kwa sababu serikali iliahidi dola milioni 25 kwa miaka mitano.

Matunda ya kazi hiyo ni majina makubwa yaliyoanguka. Jemima Sumgong, mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata dhahabu ya maratoni ya Olimpiki, Rio 2016, alipatikana na EPO mwaka 2017. Asbel Kiprop, bingwa wa dunia mara tatu kwa mita 1.500, alisimamishwa miaka minne kwa EPO. Wilson Kipsang, aliyewahi kushika rekodi ya dunia ya maratoni, hakupatikana na dawa yoyote. Alisimamishwa miaka minne mwaka 2020 kwa kukosa kuonekana mahali alipoandika kwamba atakuwa, na kwa kutoa ushahidi wa uongo.

Jambo la Kipsang linahitaji maelezo. Mwanariadha wa kiwango cha juu anatakiwa kuandika kila siku mahali analala na saa moja ambayo anaweza kupatikana. Wapimaji wanakuja bila kupiga telefone. Akikosa mara tatu ndani ya miezi 12, hilo lenyewe ni kosa. Ni sheria kali, lakini bila hiyo mtu anaweza kutumia EPO wiki hii na kuwa safi siku ya mashindano.

Hapa kuna tego moja la hesabu. Mtu akisikia kwamba Wakenya zaidi ya 100 wamesimamishwa, anaweza kusema dawa zimeongezeka. Hapana lazima. Ukipima watu wachache unapata wachache. Ukipima watu mingi, tena kwa kushtukiza, unapata mingi. Hesabu ya waliokamatwa inaonyesha kwanza nguvu ya kontrole. Na mara nyingi inapungukiwa sana na ukweli: kwenye mashindano ya dunia ya riadha ya Daegu, mwaka 2011, wanariadha waliulizwa kwa siri, kwa njia ambayo hakuna aliyeweza kujulikana. Karibu asilimia 44 walikadiriwa kuwa walitumia kitu kilichokatazwa ndani ya mwaka. Vipimo vya kawaida hupata mtu mmoja ao wawili kwa mia.

Matokeo: nini inafutwa, nini inabaki

Mchezaji akipatikana, matokeo yake hayafutwi yote toka siku alizaliwa. Yanafutwa kuanzia siku ambayo kuna ushahidi. Hiyo ndiyo sababu rekodi ya Chepngetich ya mwezi wa kumi 2024 haikufutwa: mkojo wenye dawa ulitolewa tarehe 14 mwezi wa tatu 2025. Kilichofutwa ni cha kuanzia siku hiyo. Yeye alieleza kwamba alikunywa dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani bila kuangalia vizuri. AIU haikuamini maelezo hayo. Lakini kutoamini maelezo na kuwa na ushahidi wa siku ya Chicago ni mambo mawili tofauti.

Mfano wa kinyume ni Rhonex Kipruto. Mwezi wa kwanza 2020, Valencia, alivunja rekodi ya dunia ya kilometa 10 za barabarani kwa dakika 26 na sekunde 24. Hakuna kipimo kimoja kilichomkamata na dawa. Kilichomkamata ni pasipoti ya damu: damu ya mwanariadha inapimwa mara kwa mara kwa miaka, na wataalamu wanaangalia kama inapanda na kushuka namna ambayo mwili peke yake hauwezi. Kipruto alikana hadi mwisho. Mwaka 2024 alisimamishwa miaka sita, na matokeo yake yote toka mwezi wa tisa 2018 yakafutwa, rekodi ndani yake, pamoja na medali ya shaba ya mashindano ya dunia ya Doha 2019.

Kwa hiyo kitabu cha rekodi hakisemi nani alikuwa safi. Kinasema nani hajapatikana na kosa kwa tarehe ile. Tofauti hiyo ni kubwa.

Kuna pia wale walioibiwa. Boston 2014, Jeptoo alifika wa kwanza. Kisha uamuzi wa mahakama, ushindi ulienda kwa Buzunesh Deba wa Ethiopia. Boston 2021, Diana Kipyokei alipewa taji, kisha akavuliwa, na ushindi ukaenda kwa Edna Kiplagat aliyekimbia akiwa na miaka 41. Jina linarekebishwa kwenye karatasi. Lakini siku ya kusimama jukwaani mbele ya watu, wimbo, picha, mikataba ya viatu ambayo ingekuja asubuhi yake, hivyo havirudi. Hata makuta yenyewe yanaweza kuchelewa miaka, kwa sababu yanapaswa kutolewa kwanza kwa yule aliyeyakula.

Je, kontrole ikikazwa, mbio zinapungua?

Jibu fupi: pengine ndiyo, pengine hapana, na ni vigumu kujua ni kwa sababu gani.

Mahali inaonekana wazi ni kwenye michezo ya nguvu ya wanawake. Rekodi ya mita 400, sekunde 47,60, iliwekwa na Marita Koch wa Ujerumani ya Mashariki mwaka 1985. Rekodi ya kutupa tufe, mita 22,63, iliwekwa na Natalya Lisovskaya wa Urusi ya zamani mwaka 1987. Watoto waliozaliwa miaka ile leo wako wazazi, na hakuna aliyezifikia. Wanawake hao wawili hawakupatikana na kosa lolote kwenye vipimo. Lakini kisha ukuta wa Berlin kuanguka, makaratasi ya Ujerumani ya Mashariki yalionyesha kwamba serikali yenyewe ilikuwa inawapa wanariadha wake steroidi kwa mpango. Vipimo vya kushtukiza vilipoanza kuenea kisha 1989, umbali na sekunde za michezo ya aina hiyo zilirudi nyuma.

Kwenye maratoni, kinyume kilitokea. Kontrole ilikazwa toka 2016, lakini sekunde ziliendelea kushuka: Eliud Kipchoge saa 2:01:39 mwaka 2018, tena 2:01:09 mwaka 2022, kisha marehemu Kelvin Kiptum 2:00:35 mwaka 2023. Mtu asiseme haraka kwamba kontrole haisaidii, wala kwamba hawa walitumia kitu. Miaka ile ile viatu vipya viliingia, vyenye soli nene na bamba la kaboni ndani, na vilibadilisha mbio za barabarani kabisa. Sababu mbili zilitembea pamoja, moja inashusha na ingine inapandisha, na hesabu ya mwisho haionyeshi kila moja ilifanya nini.

Somo hilo lilionekana vizuri zaidi kwenye mchezo ambao hapa Kindu haujulikani sana: besiboli ya Marekani. Ni mchezo wa kupiga mpira kwa rungu, na pigo tamu kuliko yote ni lile linalorusha mpira hadi nje ya uwanja. Wamarekani wanahesabu kila kitu, zaidi ya miaka mia moja, ndiyo sababu mchezo huo unafaa kufundishia.

Rekodi ya mapigo hayo kwa msimu ilikuwa 61, toka 1961. Ilidumu miaka 37. Mwaka 1998 Mark McGwire alifikisha 70. Mwaka 2001 Barry Bonds alifikisha 73. Wakati ule ligi haikuwa na adhabu ya steroidi. Vipimo vya kwanza vilikuja 2003, bila majina. Zaidi ya asilimia 5 vilipatikana na kosa. Adhabu zikaanza, na toka 2006 kosa la kwanza la steroidi lilikuwa mechi 50 nje, na amfetamini pia zikakatazwa. Leo kosa la kwanza la steroidi ni mechi 80, la pili ni msimu mzima wa mechi 162, la tatu ni maisha.

Nini ilitokea? Mwaka 2000, ligi nzima ilikuwa na mapigo 5.693. Mwaka 2014 yalikuwa 4.186. Mtu angesema: tazama, dawa zimeondoka na nguvu imeondoka nazo. Lakini mwaka 2019, chini ya kontrole kali, yalifika 6.776, mengi kuliko mwaka wowote. Wataalamu walichunguza na kukuta kwamba mpira wenyewe ulikuwa unapasua hewa vizuri zaidi kuliko mbele. Kumbe mabadiliko madogo ya kiwandani yanaweza kuzidi kazi ya dawa.

Hesabu za timu na ligi zina faida, lakini haziwezi kumshitaki ao kumsafisha mtu mmoja. Anayetaka kujua kama kontrole imefanya kazi, aangalie pia mahali pengine: kwenye miili.

Majeraha: dawa inaficha, kisha inavunja

Hapa ndipo jambo lina uzito kwa mchezaji wa kawaida, yule ambaye hatavunja rekodi yoyote ya dunia.

McGwire, alipokubali mwaka 2010 kwamba alitumia steroidi, alisema alizitumia ili apone majeraha na arudi uwanjani. Wengi walicheka, lakini maelezo hayo yanafundisha: mara mingi mtu haanzi kwa tamaa ya rekodi. Anaanza kwa goti linalouma.

Steroidi zinakuza musuli upesi. Lakini kano, zile kamba zinazofunga musuli kwenye mfupa, hazikui kwa mwendo huo huo. Musuli unakuwa na nguvu ya ng'ombe, kamba inabaki ya mbuzi. Siku moja mchezaji anaruka tu, na kano ya kisigino ao ya paja inakatika. Zaidi ya hapo kuna moyo, maini, na uwezo wa kuzaa.

Kotikoidi zinafanya kinyume lakini mwisho ni ule ule. Sindano ya triamsinoloni ao deksametazoni inaondoa uvimbe na maumivu. Mchezaji anajisikia mpya. Lakini maumivu yalikuwa na kazi: yalikuwa yanamwambia asikanyage. Kano iliyojeruhiwa inaendelea kuvutwa, na dawa yenyewe, ikirudiwa, inalegeza kano na kukausha mifupa. Inapunguza pia nguvu ya mwili ya kupambana na maambukizo. Na mtu aliyeitumia muda mrefu akiiacha kwa ghafla anaweza kuanguka, kwa sababu tezi zilizo juu ya figo zimesahau kutengeneza homoni yao zenyewe.

Toka tarehe 1 mwezi wa kwanza 2022, sindano zote za kundi hili zimekatazwa wakati wa mashindano, kokote zinapochomwa mwilini: musuli, mshipa, hata ndani ya goti. Vinini vya kumeza pia. Mafuta ya kupaka na dawa ya kuvuta kwa pumu vinaruhusiwa kwa kiwango cha kawaida. Mwezi wa tisa 2022, AIU ilitangaza kwamba Wakenya kumi walikuwa wamepatikana na triamsinoloni toka 2021, wakati kwa dunia nzima iliyobaki walikuwa wawili tu. Kipyokei wa Boston alikuwa kati yao. Hesabu hiyo inaonyesha kwamba dawa ya kutuliza majeraha inaweza kugeuka mazoea ya kambi nzima.

Tramadoli, dawa kali ya maumivu, ilifuata: imekatazwa wakati wa mashindano toka tarehe 1 mwezi wa kwanza 2024. Inaleta kizunguzungu, inaharibu mashauri ya mchezaji uwanjani, na mtu anaizoea hadi hawezi kuiacha.

Basi kontrole ikikazwa, majeraha yanapungua? Kwa karatasi, mwanzoni yanaweza kuongezeka. Mchezaji aliyekuwa anachomwa sindano na kucheza, sasa anakaa nje wiki tatu. Jina lake linaingia kwenye orodha ya majeruhi. Mbele alikuwa ameumia vile vile, ila hakuna aliyeandika. Besiboli inaonyesha hatari ya kusoma orodha hiyo vibaya. Mwaka 2011 ligi iliunda orodha ya siku saba kwa waliopigwa kichwa, na mwaka 2017 muda mdogo wa kukaa nje kwa majeraha mengine ulishushwa toka siku 15 hadi 10. Kila mara sheria ya kuandika ilipobadilika, hesabu ilibadilika, hata kama magoti ni yale yale.

Kuna pia uchovu. Mchezaji wa besiboli anacheza mechi 162 ndani ya miezi sita hivi. Amfetamini zilipokatazwa, uchovu uliokuwa umefunikwa ulitoka nje. Dawa kwa uchovu wa namna hiyo ni kupanga mapumziko na kuwa na wachezaji wa kubadilisha. Ligi inayokataza dawa bila kupunguza mzigo inamwachia mchezaji tatizo zima peke yake.

Na Kindu?

Hii haiko hadithi ya Wakenya na Wamarekani peke yao. Kwenye mechi za mtaa hakuna anayepima. Hata kwa inchi nzima, kupima ni ghali: kwa miaka mingi, maabara iliyokubaliwa na WADA kwa kupima mkojo kusini mwa Sahara imekuwa moja tu, ile ya Bloemfontein, Afrika Kusini. Kijana wa hapa anaweza kucheza miaka kumi bila kuona mpimaji.

Lakini dawa haingoji mpimaji ili ifanye kazi yake. Deksa inauzwa kwa kinini kimoja kimoja. Kuna wanaoinywa kwa maumivu na wanaoitafuta ili wanenepe, bila kujua kwamba huo unene ni maji mengi na dalili ya mwili unaovurugwa. Tramadoli nayo inapita mikononi. Mchezaji aliyeumia, asiye na makuta ya kupiga picha ya goti, ambaye kiti chake kinangojwa na mwingine, anapata jibu la bei ndogo kwenye farmasi ya kona. Hakuna sheria ya WADA itakayomfikia pale. Atakayemfikia ni kocha, muuguzi wa ekipe, na wakubwa wa kilabu.

Siku anapopanda, akaingia Linafoot, kisha CAF, ndipo shida ya pili inakuja. Sheria haiulizi kama alikusudia. Kile kilichopatikana ndani ya mwili wake ni mzigo wake, hata kama alichomwa na munganga wa ekipe, hata kama alipewa na ndugu. Kutokujua kunaweza kupunguza adhabu. Hakuiondoi kosa.

Mambo ya kujua mbele ya kumeza ao kuchomwa

Dawa za kawaida za malaria, kama artemeteri na lumefantrini, ao kinini ya malaria yenyewe, haziko kwenye orodha. Parasetamoli na ibuprofeni haziko pia, ingawa ibuprofeni ya kila siku inaumiza tumbo na figo.

Deksametazoni, prednisoloni na triamsinoloni, kwa sindano ao kwa kumeza, zimekatazwa wakati wa mashindano. Tramadoli vile vile. Bangi pia. Muda wa mashindano unaanza dakika moja mbele ya usiku wa manane, siku inayotangulia mechi. Lakini dawa inaweza kubaki mwilini siku mingi, kwa hiyo sindano ya wiki iliyopita inaweza kuonekana leo.

Dawa zingine za mafua zina efedrini ao pseudoefedrini, ambazo zikizidi kiwango fulani ni kosa. Dawa za tansio za kukojolesha, EPO na steroidi za kujenga musuli zimekatazwa siku zote, mashindano yawepo ao yasiwepo.

Dawa za miti shamba na unga wa nguvu usio na maandishi hakuna anayeweza kuvithibitisha. Anayevitumia anabahatisha.

Mchezaji mgonjwa hakatazwi kutibiwa. Kwa ugonjwa wa kweli, munganga anaweza kuandika na kuomba ruhusa maalumu ya matibabu, na kwa kawaida ruhusa hiyo inaombwa mbele ya kutumia dawa. Ila katika hali ya kufa na kupona, mtu anatibiwa kwanza, karatasi inafuata.

Kila anayecheza kwenye ligi aandike kwenye daftari jina la kila dawa, siku na mtu aliyempa, na ahifadhi pakiti yake. Akiitwa kupimwa, ataulizwa dawa alizotumia siku za karibuni, na atakayejibu kwa daftari yuko mahali pazuri kuliko atakayejibu kwa kukumbuka.

Kwa kilabu, daftari la pili linasaidia zaidi: nani aliumia, wapi, siku gani, alikaa nje wiki ngapi, alirudi lini, na kama jeraha lile lile lilirudi. Daftari hilo haligharimu zaidi ya kalamu. Kisha misimu miwili, mitatu, litaonyesha kama wachezaji wanapumzishwa hadi wanapona ao wanarudishwa uwanjani kwa sindano. Mchezaji anayeumia mahali pale pale mara tatu kwa msimu mmoja hajapona hata mara moja.